Chai ya saa nne ni sehemu ya kazi

Kila Mei Mosi wafanyakazi wa nchi hii huvaa fulana mpya, huinua mabango na kusikiliza hotuba. Yanayosemwa siku hiyo ni ya msingi: nyongeza ya mshahara, kodi, kikokotoo cha pensheni, kupandishwa madaraja. Ni haki yasemwe, na yarudiwe mpaka yasikike. Lakini kati ya Mei Mosi moja na nyingine kuna siku nyingi za kazi zisizo na bendi wala mgeni rasmi, na utamu au uchungu wa siku hizo hautokani na madaraja. Unatokana na mambo madogo: kama ulipata siti kwenye gari, kama chai ilikuja kwa wakati, kama bosi aliitikia salamu yako, kama simu ilikuacha upumzike ulipofika nyumbani.

Nimefanya kazi za ofisini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kuna jambo nimeliamini kiasi cha kutaka kulitetea hadharani. Mara nyingi mtu haichukii kazi yake kwa sababu ni nzito. Huichukia kwa sababu raha ndogo za siku amenyang'anywa, na kero ndogo zimeachwa ziote mizizi. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya raha hizo na kero hizo iko mikononi mwetu wenyewe, wakuu na walio chini yao, wala haihitaji bajeti mpya.

Tuanze na asubuhi. Ofisi nyingi za umma hufungua saa 1:30, lakini siku ya mfanyakazi wa jiji hili imeshaanza zamani. Anayekaa Chanika, Mbagala au Mbezi yuko kituoni kabla jua halijachomoza. Wako wanaopanda daladala linalokwenda mwisho wa njia, kinyume kabisa na waendako, ili wageuze nalo na kupata siti. Wanalipa nauli mara mbili ili wakae. Asiyejua adha ya kusimama kutoka Gongo la Mboto hadi Posta, begi kifuani na mkono mmoja kwenye bomba, anaweza kuona ni kutupa pesa. Anayeijua anaelewa kwamba siti ile ni saa nzima ya usingizi, au ya kusoma, au ya kusali kimya kimya kabla ya vurugu za siku.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, wengi wetu tuliona mchana kweupe jinsi usafiri unavyoweza kubadilisha tabia ya mtu. Basi likija kwa wakati, watu waliingia ofisini wakitabasamu. Siku mabasi yanapoadimika na kituo kinapofurika, watu wale wale huingia wamenuna, mashati yamelowa jasho, na neno la kwanza wanalokutana nalo ni "umechelewa". Mashine ya alama za vidole haiulizi kilichotokea njiani. Inaandika dakika tu, na mwisho wa mwezi dakika hizo hugeuka barua ya kujieleza.

Sitetei uchelewaji. Mtu anayechelewa kila siku kwa uzembe anawaumiza wenzake waliofika. Lakini kazi nyingi za ofisini haziharibiki zikianza saa mbili badala ya saa moja na nusu, mradi muda utimie. Ofisi inayomruhusu mtu aingie mapema na kutoka mapema, au aingie baadaye na kutoka baadaye, imemwondolea wasiwasi mkubwa kuliko semina yoyote ya motisha. Haijatoa hata shilingi moja.

Ukishavuka geti, linakuja jambo ambalo sisi Waswahili tunalijua vizuri kuliko watu wengi: salamu. Ofisi yenye afya unaitambua kwa kelele zake za asubuhi. "Habari za kutoka?" "Watoto hawajambo?" "Mgonjwa anaendeleaje?" Mlinzi anamjua kila mtu kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kijana aliyepewa umeneja, akimpita mhudumu anayelingana na mama yake mzazi na kumwambia, "Shikamoo mama, umeamkaje?", cheo chake hakijapungua hata kidogo. Kinaongezeka, kwa sababu kila aliyesikia "marahaba mwanangu" ile amejua kwamba anaongozwa na mtu aliyelelewa.

Kinyume chake nimekiona pia. Bosi anayepita ukumbini macho kwenye simu, asiyeitikia, anaacha maswali nyuma yake. Je, nimekosea? Ripoti yangu haikumpendeza? Kuna orodha ya watu wa kupunguzwa? Huenda bwana yule anawaza ada ya shule tu. Lakini watu waliobaki nyuma watautumia muda wao kupima uso wake badala ya kufanya kazi. Kuitikia salamu huchukua sekunde mbili.

Saa nne ikifika, chai inakuja. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndiyo hoja yangu kubwa. Katika ofisi nyingi za mjini, mama mmoja hupanda ngazi na chupa mbili, moja ya chai ya rangi yenye tangawizi, nyingine ya maziwa, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Mfuniko ukifunguliwa, harufu ya iliki kwenye vitumbua inaenea chumba kizima. Kuna maandazi, chapati, mihogo ya kukaanga, mayai ya kuchemsha na chumvi iliyofungwa kwenye karatasi. Pembeni kuna daftari lililochakaa kingo, limepigwa mistari kwa kalamu ya risasi: jina, tarehe, kiasi. Mama anajua nani ameacha sukari kwa amri ya daktari, nani hufunga Jumatatu na Alhamisi, nani amekula kwa mkopo tangu tarehe 12 na hapaswi kuaibishwa mbele za watu. Kwa mwenye deni anauliza kwa sauti ya chini, "Nikuandikie?" Na anaandika.

Dakika zile kuna wakuu wanaozihesabu kuwa zimepotea. Wanakosea. Katika chai ile mhasibu humwambia afisa ugavi kwamba hati yake ya malipo imerudi kwa kukosa sahihi moja, na jambo ambalo lingechukua wiki ya barua likaisha kabla kikombe hakijaisha. Mfanyakazi mpya hujifunza ni meza gani faili hukwama, na ni nani wa kumwona ili litoke. Mzee wa masijala, ambaye mwongozo wa kazi haumtaji popote, husimulia kwamba suala kama hili lilishawahi kutokea na jinsi lilivyomalizwa. Aliyefiwa hupewa pole. Aliyejifungua hupigiwa makofi. Ukiifuta chai ya saa nne, utabaki na watu wanaoandikiana barua pepe wakiwa wamekaa meza zinazopakana.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ni nzito. Watasema: mwandishi, wewe unasifia chai huku mwananchi aliyetoka Kisarawe alfajiri amesimama dirishani akiambiwa "wameenda kunywa chai". Hoja hiyo naikubali yote. Dirisha tupu ni dharau kwa mlipa kodi, na hakuna kitumbua kinachoihalalisha. Lakini kosa hapo ni kukosekana kwa zamu. Wakiwa wanne kaunta, wawili wanywe, wawili wahudumie, kisha wabadilishane. Hospitali zinafanya hivyo, viwanda vinafanya hivyo, na jambo hilo haliishindi ofisi yoyote yenye mkuu anayejua kupanga watu. Raha ya mfanyakazi isijengwe juu ya mateso ya mteja. Na huduma kwa mteja isijengwe juu ya mtu mwenye njaa.

Mchana nao una sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anapaswa kupata mapumziko yasiyopungua dakika 60. Anaweza kutakiwa afanye kazi wakati huo ikiwa tu kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au haiwezi kufanywa na mwingine. Sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Jambo hili si geni duniani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa saa za kazi kwa ajili ya biashara na ofisi mwaka 1930, yaani kizazi cha babu zetu.

Pamoja na hayo, ni ofisi ngapi ambako saa saba mchana inakuta watu wamekaa kwenye kikao kilichoanza saa nne, kila mtu akitazama saa ya ukutani, mwenyekiti akisema "tumalizie ajenda moja tu"? Ni wangapi wanakula wali maharage kwenye sahani ya kufunika, mkono mmoja kijiko, mwingine kipanya cha kompyuta? Tumefika mahali mtu anayekula mezani kwake huku anafanya kazi husifiwa kwa bidii, na anayekwenda kwa mama ntilie kukaa kwenye benchi dakika 40 huonekana mvivu. Sifa hiyo imegeuzwa kichwa chini. Aliyekwenda kwa mama ntilie amekula ugali wa moto, ametembea, amepunga upepo, amebishana kuhusu Simba na Yanga na mtu wa idara nyingine, na anarudi akiwa na akili ya kufanya kazi mpaka jioni. Saa ile ya mapumziko ni haki yake kisheria, wala si hisani ya mtu.

Sasa nije kwenye wasiwasi unaokaa kifuani muda wote, hata chai ikiwa tamu namna gani. Nao ni pesa.

Mshahara ukisoma, simu inatoa mlio na ofisi nzima inajua. Kwa nusu saa nyuso hung'aa. Kisha mtu anafungua hati ya mshahara na kushuka nayo mstari kwa mstari. Kodi ya mapato, ambayo huanza kukata pale kipato cha mwezi kinapovuka shilingi 270,000. Mchango wa hifadhi ya jamii. Bima ya afya. Kwa aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Marejesho ya benki. Marejesho ya SACCOS. Makato haya yana maana yake na mengi yana faida ya baadaye, lakini kijana anayefika chini kabisa ya karatasi na kukuta kilichobaki, macho yake huyaoni yaking'aa tena.

Hapo bado michango. Kadi ya harusi ya mtoto wa mkurugenzi, kipaimara cha mtoto wa jirani, msiba wa baba wa mwenzetu, sherehe ya kumuaga anayestaafu. Kusaidiana kwenye misiba ni jambo ninalolithamini kuliko karibu kila kitu katika utamaduni wetu wa kazi. Nimeona ofisi ikikodi basi zima kwenda kuzika mkoani, na mfiwa akasimama mbele ya kaburi akiwa na watu. Hilo lisiguswe. Ila orodha ya michango ya harusi kubandikwa kwenye kundi la WhatsApp, jina kwa jina, na wa mwisho akaonekana kwa shilingi elfu tano yake, ni kumdhalilisha mtu. Anayetoa kidogo ametoa. Asiyetoa ana sababu yake. Mweka hazina awe na orodha, na orodha ikae kwake.

Aliyebanwa ndiye anayeangukia kwa wakopeshaji wa kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tuliokaa maofisini tulizifahamu kabla ya tangazo, kwa sababu ujumbe wake ulitufikia sisi: "Mwambie fulani alipe deni lake." Mkopaji alikuwa ameruhusu programu isome namba zote za simu yake, na siku alipochelewa, aibu yake ilitumwa kwa kila mtu, kuanzia shangazi kijijini hadi mkuu wa idara. Nimeona mtu mzima, mchapakazi, akikwepa chai kwa wiki nzima kwa sababu hiyo. Wenzake walioufuta ujumbe ule na kuendelea kumsalimu kama kawaida walimtendea wema ambao hatausahau. Walioupeleka kwenye makundi mengine walimkosea sana.

Ndiyo maana mchezo wa ofisini, ule wa watu kumi kuchangia kila mwezi na mmoja wao kupokea, ni jambo la kulindwa. Hauna riba wala hausomi namba za simu ya mtu. Una uaminifu tu, na siku ya zamu yako unanunua bati, au unalipa kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo. Na ndiyo maana mwajiri anayechelewesha mshahara bila neno lolote anafanya kosa kubwa kuliko anavyodhani. Mfanyakazi ameahidi watu kwa tarehe: mwenye nyumba, duka la Mangi, shule, mchezo. Ukichelewesha siku nne bila taarifa, umemfanya mwongo mbele ya wote hao. Kama pesa haijafika, sema mapema na utaje siku itakayofika. Mtu akijua atajipanga.

Mwisho kuna wasiwasi mpya unaotufuata mpaka kitandani. Saa tatu usiku, mtoto anaomba asaidiwe hesabu, simu inalia: kundi la ofisi. "Naomba takwimu za robo mwaka, za haraka." Hakuna anayejua kama haraka hiyo ni ya sasa au ya kesho. Mmoja anajibu "sawa bosi", wa pili anajibu, na asiyejibu anaanza kuhisi anaonekana mzembe. Hesabu za mtoto zinawekwa pembeni.

Ufaransa sheria yao, iliyoanza kutumika Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 kujadiliana nao juu ya haki ya kutoshika vifaa vya kazi nje ya muda wa kazi. Kenya, mwaka 2022 muswada wenye lengo kama hilo ulifikishwa Seneti. Kwetu sheria tuliyonayo inatosha kutufundisha adabu: kazi ya ziada ina malipo yake, yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Anayetuma kazi saa tatu usiku anaomba kazi ya ziada bila kuilipia. Ikiwa kweli kuna dharura, apige simu kwa mtu mmoja anayehusika, aeleze, ashukuru. Yasiyo dharura yaandikwe na kuwekwa mpaka asubuhi.

Na kuna ujumbe mmoja ningependa ufutwe katika ofisi zote: "Jumatatu uje ofisini kwangu." Unatumwa Ijumaa saa tisa alasiri, bila maelezo. Aliyeutuma amesahau baada ya dakika mbili. Aliyeupokea hali vizuri siku mbili, haingii kanisani kwa utulivu, anapitia mafaili yote kichwani akitafuta kosa. Jumatatu anaambiwa anatakiwa kwenda semina Morogoro. Laiti mkuu angeongeza maneno manne, "kuhusu safari ya Morogoro", familia nzima ingekuwa na wikiendi.

Ukiyaweka haya yote pamoja utaona yana shina moja. Siti, salamu, chai, saa ya kula, tarehe ya mshahara inayojulikana, usiku usioingiliwa: kila kimoja kinamwambia mfanyakazi kwamba anahesabiwa kuwa mtu. Kero nazo, kila moja inamwambia kinyume. Mshahara mzuri hauponyi dharau ya kila siku, na mshahara mdogo huvumilika zaidi pale ambapo mtu anaheshimiwa. Naomba hili lisichukuliwe kuwa kisingizio cha kutolipa watu vizuri. Walipwe vizuri, na waheshimiwe.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa idara: wiki ijayo pangeni zamu ya chai na chakula, muiandike, muibandike ukutani, na ninyi wenyewe muifuate. Kikao kiishe kabla ya saa saba. Mkimwita mtu, mwambieni mnamwitia nini. Na sisi wengine tuwasalimu walinzi na wahudumu kwa majina yao, tufute ujumbe unaomwaibisha mwenzetu, na mwisho wa mwezi tumlipe mama wa chai deni lake kabla ya deni lingine lolote, maana mtaji wake ndio kifungua kinywa chetu cha kesho.